Chumvi ya Embe la Baba

Baba yangu hakumwogopa nyoka wala mwenyekiti wa kijiji, lakini chungwa alilionea haya.

Nalitanguliza hili kwa sababu asiyelijua hatalielewa kosa nililofanya. Kwetu, upande wa Kang'ata, chakula kilikuwa ugali wa mahindi, au bada, ule ugali wa muhogo, pamoja na mboga yake. Tunda halikuhesabiwa. Tunda lilikuwa la mtoto anayetoka kuchunga mbuzi, au la mwanamke mwenye mimba ambaye kila kitu kingine kinamtapisha. Mwanamume mwenye ndevu akionekana njiani anamenya chungwa, wenzake wangemwuliza kama leo nyumbani kwake moto haukuwashwa, na jioni wanawake kisimani wangemsema mkewe. Wapo waliokula, tulijua wapo, lakini waliyala matunda yao shambani wakiwa wameipa njia mgongo.

Palikuwa na mlango mmoja tu. Embe bichi likikatwa vipande, likatiwa chumvi ya kutosha na pilipili ya kusaga, hapo mwanamume alilila barazani mchana kweupe na hakuna aliyemcheka. Pera bichi vilevile, na nanasi. Utamu ulikuwa wa watoto, ukali na chumvi vilikuwa vya wakubwa. Sijui nani alipitisha sheria hiyo, lakini sote tuliifuata.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na uchungu wa kutochaguliwa ulikuwa haujanitoka. Kijiji kikanipa kazi ya kisomo, yaani kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, chini ya banda la nyasi karibu na ofisi. Nilikuwa mkali, sifichi. Mzee wa kunizidi umri mara tatu akikosea herufi nilimrudisha ubaoni mpaka aipate, halafu darasa likiisha nampigia goti na kumwamkia shikamoo. Baba naye alikuwa mwanafunzi wangu. Alikaa nyuma kabisa, akaniita mwalimu mbele za watu bila kucheka, na nyumbani akaendelea kunituma maji.

Tulikuwa tumehamia kijijini mwaka uliotangulia, wakati watu wote walipotakiwa kutoka kwenye miji yao ya zamani na kukaa pamoja. Nyumba zilipangwa kwa mistari, viwanja vimepimwa kwa kamba, ardhi imefyekwa ikawa nyeupe. Hapakuwa na mti hata mmoja wa kujikingia jua. Miti yetu ya matunda ilibaki kwenye mahame, pale tulipobomoa nyumba yetu, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Kulikuwa na miembe mitatu, michungwa aliyoipanda babu, na mipera iliyojiotea yenyewe. Baba hakuizungumzia miti ile, na mimi niliyekuwa nayapenda maisha mapya na mikutano yake sikuiwaza sana.

Siku jembe lilipomponyoka tulikuwa shamba la ujamaa, kijiji kizima, tunachimba mashimo ya mahindi ya vuli. Baba alikuwa mkulima hodari, mstari wake ulikuwa mbele siku zote. Akalinyanyua jembe, na lilipofika juu likamtoka mkononi, likaruka na kuanguka karibu na miguu ya mwenyekiti. Watu wakacheka. Mwenyekiti akauliza kama leo baba amekusudia kumwondoa madarakani, wakazidi kucheka. Baba naye alicheka. Lakini mimi nilikuwa mstari wa pili, nikamwona akiushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anaviminya vidole kimoja kimoja, na kicheko chake kikaisha kabla ya vya wenzake.

Nilijua anachokifikiria, kwa sababu nami nilikifikiria hichohicho. Kaka yake, baba yangu mkubwa, alianza vivyo hivyo. Mkono ulikufa ganzi, kisogo kikamuuma wiki nzima, na asubuhi moja akaamka upande wote wa kulia umepooza, mdomo umekwenda pembeni. Aliishi miaka miwili baada ya hapo. Mkono wa kulia, ambao kwetu Waislamu ndio wa kulia chakula na wa kumpa mwenzio salamu, ulilala juu ya mkeka kama si wake, na mkewe akawa anamlisha uji kwa kijiko na kumfuta kidevu kwa kanga. Baba alikwenda kumtazama kila Ijumaa.

Jioni ya siku ile ya jembe alikiri mbele ya mama na mimi kwamba ganzi ilikuwa ikimjia tangu mwezi uliopita, na kisogo kilikuwa kinamgonga.

"Nikifika pale alipofika kaka," alisema, "msinilishe. Niacheni na njaa yangu."

Mama aliinuka. Aliingia ndani, akatoa nauli aliyokuwa ameifunga kwenye pindo la kanga ya zamani, akanikabidhi mimi. Kesho yake tulikwenda Handeni, baba na mimi, tukapanda basi la Korogwe kwenda hospitali. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa najua kusoma na, kama mama alivyosema, kwa sababu daktari akimfokea baba nitamfokea daktari.

Daktari hakufoka. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya chini. Alimzungushia baba kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza, akautoa upepo, akajaza tena. Alipomaliza akavuta kiti akakaa karibu naye, na hapo nikajua habari si nzuri. Alimwambia ana presha, na imepanda sana. Alimweleza kwamba mishipa ya damu ikiwa laini inatanuka damu inapopita, kisha inarudi, na damu inafika mpaka kwenye ncha za vidole bila moyo kuhangaika. Ikikakamaa, moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu, siku baada ya siku, mpaka mshipa mmoja kichwani unaziba au unapasuka. Kwake bado. Ganzi ile ilikuwa onyo, na mtu aliyeonywa ana bahati.

Kisha akatoa masharti. Kulikuwa na vidonge vya kumeza. Chumvi iondoke kwenye chakula. Atembee kila siku, mwendo wa kumtoa jasho. Na ale matunda, asubuhi na jioni, kwa sababu matunda yanasaidia kuilegeza mishipa na kuituliza presha. Arudi baada ya miezi miwili.

Baba alivumilia yote mpaka alipofika kwenye matunda. Hapo aligeuka akautazama mlango, kuona kama kuna mtu amesikia.

Usiku huo tulilala Manundu, hapohapo Korogwe, kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa akiuza vitumbua. Asubuhi wanawake kutoka Mpale walikuwa wameshateremka na mizigo yao, ndizi, mapapai na matunda mengine ya mlimani, wameyapanga chini juu ya magunia. Shangazi akatujazia kikapu. Baba akakataa kukibeba mpaka kifunikwe kwa kanga, na ndani ya basi abiria wa pembeni alipouliza kuna nini humo, baba akamwambia ni dawa. Nilicheka hadi nikaona aibu. Ila ukweli ni kwamba hakusema uongo.

Nyumbani mama alilichukua suala la chumvi kwa mikono miwili. Tulikuwa tukila sufuria moja, kwa hiyo alipokatazwa mmoja, tukakatazwa wote. Mchicha ukawa maji matupu, maharage yakawa maharage tu. Wadogo zangu walilalamika na mama akawaambia atakayetaka chumvi akalambe ukuta. Baba alikula. Lakini matunda hakuyala. Alikuwa akipokea kipande cha papai, anasema ahsante, anakiweka pembeni mpaka tuondoke. Siku ya nne nikamkuta mbuzi nyuma ya nyumba anatafuna papai la Mpale.

Nilipandwa na hasira mpaka machozi yakanitoka. Nilimwendea baba barazani nikamwuliza kama anajitibu yeye au anamtibu mbuzi. Kwetu binti hasemi hivyo na baba yake. Alinijibu kwa upole kwamba wazee wenzake hupita hapo kila saa, na yeye hawezi kukaa mbele yao na papai mkononi kama mtoto anayeota meno. Alikuwa tayari kumeza vidonge, alikuwa tayari kutembea hadi Handeni na kurudi. Lile moja lilimshinda.

Usiku kucha nikalifikiria, na asubuhi nikawa nimepata ufumbuzi. Nilijiona nina akili kuliko serikali. Nilikwenda mahame, nikachuma maembe mabichi, nikayakata vipande vyembamba, nikatwanga chumvi na pilipili kwenye kinu kidogo, nikachanganya kwenye bakuli. Nikampelekea baba barazani, wazee wawili wakiwa wamekaa naye.

Akatazama bakuli, akanitazama mimi, akatabasamu. Kisha akala. Wale wazee nao wakanyoosha mikono, na bakuli likaisha kabla sijaingia ndani.

Tangu siku hiyo mambo yakanyooka. Alfajiri, baada ya swala, baba alikwenda mahame kwa miguu, akarudi na gunia la maembe aliyoyafunika kwa majani ya mbuzi ili asisemwe njiani. Mimi nikakata na kutwanga. Maembe yalipopungua tukahamia kwenye mapera mabichi, na mananasi ya jirani. Hata chungwa alikubali, mradi nimelipasua katikati na kulichovya kwenye chumvi. Alikula asubuhi na jioni kama alivyoagizwa, na kwa kutembea alipunguza hata uzito. Mimi nikalipeleka jambo hilo darasani. Niliandika ubaoni EMBE, CHUMVI, PILIPILI, nikawasomesha wazee kwa sauti, halafu nikawaeleza habari za mishipa ya damu nilivyozisikia kwa daktari. Nikawaambia kwamba sasa hakuna mwanamume wa kijiji hiki mwenye kisingizio. Walinipigia makofi. Wiki ile mabakuli ya embe yalionekana kwenye baraza nyingi, na mwenyekiti alinisifu mkutanoni.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakikai sawa. Mama alikuwa akilalamika kwamba kopo la chumvi linakwisha. Dukani chumvi ilikuwa ikija kwa nadra, na yeye alikuwa na hakika kabisa kwamba sufuria yake haijaigusa tangu tulipotoka Korogwe.

"Nani anailamba?" aliuliza.

Nikawakusanya wadogo zangu nikawakaripia, mmoja nikamfinya sikio. Aliapa hajaigusa. Sikumwamini.

Anayesoma hapa atajiuliza nilikuwa na akili gani. Nami nimejiuliza mara nyingi. Jibu ni kwamba kwetu chumvi iliyokatazwa ilikuwa chumvi ya mboga. Chumvi ni kitu mama anachotia kwenye sufuria, na daktari alikuwa amesema iondoke kwenye chakula. Embe halikuwa chakula. Chumvi iliyokuwa juu ya embe ilikuwa embe. Mama, baba, mimi, wazee wote wa barazani, hakuna hata mmoja aliyeiona, na mikono yangu ilikuwa inawasha kwa kuitwanga.

Miezi miwili ilipotimia tukarudi Korogwe. Nilifunga bakuli la embe kwenye kitambaa kwa ajili ya safari, maana baba hakutakiwa kukosa hata siku moja. Njiani alikuwa mchangamfu. Tulipofika Manundu alimwambia shangazi kwamba anajisikia kama kijana, ila kisogo ndicho bado kinamgonga kidogo, na vidole. Hilo la vidole lilinishtua, kwa sababu hakuwa ameniambia.

Daktari alimfunga kile kitambaa, akapima. Akapima mkono wa pili. Uso wake ukabadilika.

Presha haikuwa imeshuka. Ilikuwa imepanda kidogo kuliko mara ya kwanza.

Nilimwona baba mkubwa kwenye mkeka, kisha nikamwona baba mahali pake, mama anamfuta kidevu. Na kwa kuwa mimi nikiogopa huwa mkali, nikaanza kumfokea daktari kama mama alivyotabiri. Nilimwambia mimi ni mwalimu wa kisomo, na tumefuata kila neno lake. Vidonge amemeza vyote, kutembea anatembea kuliko vijana, chumvi sufuria ya nyumbani haijui tena ladha yake, na matunda anakula mara mbili kwa siku, hajakosa hata siku moja, na kama haamini basi haya hapa. Nikafungua kitambaa nikamwekea bakuli mezani.

Daktari alichukua kipande kimoja kwa vidole viwili, akakitia mdomoni. Akatafuna mara moja, akaacha. Akakitoa, akakiweka kwenye karatasi, akanywa maji.

"Nani anayetengeneza hii?" akauliza.

"Mimi," nilisema, bado kwa kiburi.

"Mwalimu," alisema taratibu, "mama yako anaitoa chumvi kwenye sufuria, na wewe unairudisha kwenye embe."

Nikalitazama bakuli, nikaona kwa mara ya kwanza ule weupe uliokauka kwenye kingo zake. Baba naye alikuwa akiutazama. Daktari hakunisimanga. Aliendelea kunieleza, kwa sauti ileile ya chini, kwamba tunda lina kitu ndani yake kinachousaidia mwili kuitoa chumvi kwa njia ya mkojo na kuiacha mishipa itanuke. Ukilipaka chumvi unalitwisha kazi ya kuiondoa ile uliyolipaka wewe mwenyewe, na mwili haupati nafuu. Tunda liliwe kama lilivyo. Vidonge akavibadilisha. Akasema bado hatujachelewa, ila asingependa kumwona mzee huyu tena akiwa amebebwa.

Katika basi la kurudi nililia njia nzima, nimejifunika kanga. Hata kile kikapu cha machungwa alichotupa shangazi sikukitazama. Nilikuwa nikiwaza zile asubuhi zote nilizokaa na kinu, najisifu, huku kila mtwango ukimsogeza baba karibu na ule mkeka. Nilitaka aniambie neno kali, nililistahili. Tulipopita daraja moja baba akanigusa bega akaniuliza ninachokililia.

"Nimekutia chumvi kwa mkono wangu," nilimwambia.

Baba akasema hata kama ningemtia majivu angekula, maana alichokuwa akikitafuta ni sababu ya kula mbele za watu, na mimi nilimpa. Kosa, alisema, tulikuwa tumelila wote wawili kwenye bakuli moja. Nililia zaidi, lakini kilio kilikuwa chepesi.

Sasa lilibaki darasa. Wanaume wa kijiji kizima walikuwa wakila chumvi kwa amri yangu, na wengine umri wao ulikuwa wa baba. Siku mbili nilijifanya ninaumwa. Siku ya tatu nikaenda. Maneno yangu matatu yalikuwa bado yameandikwa juu ubaoni, kwa sababu mwenyekiti alikuwa ameagiza yasifutwe. Nilichukua kitambaa, nikalifuta la pili. Nikageuka nikawaambia nimewafundisha vibaya. Nikawaeleza yote, pamoja na baba na kipimo chake, na aliyoyasema daktari. Nikasema tunda liliwe tupu, na mtu mzima sawa na mtoto.

Mzee mmoja, mcheshi wa darasa, akauliza kama mwalimu anataka warudie utoto, na kama kesho atawaletea nepi. Banda zima likaangua kicheko. Mwingine akasema hayo ndiyo matokeo ya kufundishwa na watoto. Nilisimama pale na chaki, masikio yanawaka, nikajua nikifungua mdomo nitatukana au nitalia, na vyovyote vile sitafundisha tena kijijini pale.

Baba akasimama kule nyuma. Alikuja mbele taratibu mpaka karibu na ubao, akawageukia. Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa chungwa moja katika yale ya Manundu, na kisu kidogo. Kicheko kikapungua, kwa kuwa hakuna aliyejua anataka kufanya nini. Akalishika chungwa kwa mkono wa kushoto, akaanza kulimenya kwa wa kulia.

Alimenya bila haraka. Ganda likawa linateremka kama utepe, linazidi kurefuka, halikatiki. Nilikitazama kile kisu. Nilikuwa nikiogopa kitamponyoka kama jembe, mbele ya watu walewale. Hakikumponyoka. Ganda lilianguka chini likiwa zima, akaligawa chungwa, akatia kipande mdomoni, akatafuna, akameza, akachukua cha pili. Hakujificha wala hakuinamisha uso. Maji yakamtiririka ndevuni na hakuyafuta. Alikula chungwa zima mbele ya wanaume wote wa kijiji, na mpaka anamaliza hapakuwa na anayecheka.

Kisha akawaonyesha ule mkono wa kulia, umelowa.

"Kaka yangu mlimjua," alisema. "Alilishwa kwa kijiko. Mimi najilisha."

Akarudi kwenye nafasi yake akakaa. Mzee mcheshi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka, akaja kuniuliza, kwa sauti ya kawaida, kama na nanasi ni hivyohivyo. Nikamwambia ni hivyohivyo.

Tuliporudi Korogwe mara ya tatu presha ilikuwa imeshuka. Haikuwa imeisha, na daktari alituonya kwamba haitaisha, itatunzwa tu, kwa vidonge na kwa mdomo. Mwezi uliofuata ilishuka tena. Ganzi ikamwacha. Mama akaanza kutia chumvi kidogo sana kwenye sufuria, kidogo mno hata wadogo zangu wakasema ni ya kuonyeshwa, na yule niliyemfinya sikio nikamwomba radhi, akataka nimlipe kwa embe tamu, nikamlipa.

Mvua za masika zilipoanza baba alichimbua miche ya michungwa kutoka mahame, na ya mipapai iliyoota kwa mbegu za papai la Mpale, akaipanda kando ya banda la kisomo na kwenye mstari mzima wa nyumba zetu. Wengine wakamfuata. Kamba waliyopimia viwanja ndiyo tuliyopimia mashimo. Mipapai ilizaa kabla ya mwaka na nusu, na watu wakawa wanachuma wakipita, wanakula wakitembea, na hakuna aliyeulizwa kama nyumbani kwake hawajapika. Wafugaji wa jirani waliokuja kuuza maziwa walishangaa, wakasema kijiji hiki wazee wake wanakula kama ndege. Baba aliwakatia papai. Walikula.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, hadi michungwa ile ikazeeka kabla yake. Nilikuwa nimeolewa, nina watoto, nilipoitwa asubuhi moja kwamba ameondoka. Mama alinieleza ilivyokuwa. Aliamka, akaswali, akaomba uji, akanywa mwenyewe mpaka ukaisha, kisha akasema anajilaza kidogo. Niliingia chumbani nikakaa chini karibu naye. Bakuli la uji lilikuwa bado pale na kijiko ndani yake, upande wa kulia alikokiweka. Kando ya bakuli kulikuwa na ganda la chungwa, refu, halijakatika.